Kwenye Karatasi Sina Lafudhi

Milimani, Alhamisi 4 Novemba 1943

Mpendwa Eleni,

Kuanzia leo asubuhi mimi ni kiziwi na bubu. Aliyeitoa habari hii ni Padri Anthimos, mlangoni pa kinu cha maji, mbele ya watu wote wa nyumba hiyo. Mapadri wao huoa, kwa hiyo alisema hivi: "Huyu ni Stathis, binamu yake mke wangu. Hasikii, hasemi. Mpeni kazi na chakula, na msimpigie kelele, mtajichosha bure." Mwenye kinu, Bwana Lefteris, alinizunguka kama mtu anayekagua punda mnadani, akasema, "Afadhali. Aliyetangulia mdomo wake ulizunguka kuliko gurudumu langu."

Baada ya hayo, salamu. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, nalala juu ya magunia karibu na jiwe la kusagia, kuna joto. Wewe je? Unakula? Bi Efterpi anakutendea vipi? Jibu kila swali. Mimi ni mtu wa gazeti, sitosheki na "tupo salama".

Sababu ya uziwi unaijua. Kigiriki changu humwambia mtu nilikozaliwa kabla sijamaliza kumwamkia. Ndani ya treni kutoka Thesalonike ulinifunga kitambaa shavuni ukawaambia askari kwamba mzee anaumwa jino. Jino haliwezi kuuma mwaka mzima. Sasa Waitalia wametoka Athene, Wajerumani wameushika mji wote na wamewaamuru Wayahudi wajiandikishe. Hatutajiandikisha. Wewe umesoma shule zao, unaongea kama wao, kwa hiyo unaweza kukaa mjini na kuwa Eleni. Mimi siwezi kuwa mtu yeyote mwenye mdomo.

Unakumbuka sokoni, nikianza tu kuulizia bei, ulikuwa unatangulia mbele kana kwamba hatujuani? Ukasema viatu vinabana. Sasa vitapumzika.

Kanuni ni hizi. Mimi si baba yako, ni baba yako wa ubatizo, mtu wa milimani aliyekubeba kanisani ukiwa mchanga. Bibi yako angelisikia neno hilo angenirushia kiatu. Habari zake hakuna. Mfanyakazi wa reli alimwambia Padri kwamba treni zile zilizowachukua watu wetu masika zilikwenda Poland, lakini hakuona mwenyewe, kwa hiyo naiandika kama uvumi. Barua atazibeba Bi Lambrini, muuza mayai, chini ya majani ya kikapu. Hajui kusoma na anasema hana haja ya kujua. Ukishasoma, choma.

Niandikie. Miaka ishirini nimeandika habari kwa Kihispania chetu cha Wayahudi, na Kigiriki nilijifunza ukubwani, lakini kwenye karatasi sina lafudhi. Hapa tu ndipo nilipobaki na mdomo.

Baba wa Ubatizo


Athene, Jumapili 5 Desemba 1943

Kwa baba yangu wa ubatizo,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, kifua hakinisumbui. Nimejibu matatu kwa mpigo ili usinikemee.

Bi Efterpi ananitendea vizuri kwa namna yake. Hanibembelezi. Jana nilishona mkono wa koti ndani nje, akaniambia, "Mpwa wangu, Mungu amekupa macho mawili, mbona unatumia moja?" Kwa watu wote mimi ni mpwa wake kutoka kaskazini, yatima. Usiku wa kwanza alinifundisha ishara ya msalaba: vidole vitatu, bega la kulia kwanza. Nilianza na la kushoto. Akanipiga kofi mkononi. "Hilo ni kosa la Mkatoliki," akasema, "na hata Mkatoliki simtaki humu."

Chakula ni mkate wa mahindi na mboga za kuchuma vilimani. Anayekuja kupimwa nguo huleta anachoweza, mafuta kidogo, zabibu. Sisi ni matajiri uani hapa.

Jirani yetu mlango wa pili ni Bi Hariklia. Huyu ananitisha kuliko Wajerumani, maana Mjerumani haji kuazima sufuria. Kaka yake Sotiris yumo kwenye vile vikosi vya Wagiriki vinavyowatumikia, ana buti mpya na anakaa kwenye ngazi yetu kama ameinunua. Juzi Bi Hariklia aliniambia, "Mwanangu, Kigiriki chako kisafi kama cha redio. Huko kaskazini wote mnaongea hivi?" Nikasema mama alikuwa mwalimu. Nilifurahi aliponisifu. Kisha nilikaa na furaha ile kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Kuhusu sokoni, viatu vilikuwa vinabana kweli.

Sijui kama ninaruhusiwa kukwambia nimekukumbuka, au mtoto wa ubatizo hasemi hivyo. Padri atajua.

Mtoto wako wa ubatizo,
Eleni


Milimani, Jumapili 13 Februari 1944

Mpendwa Eleni,

Marahaba. Padri anasema mtoto wa ubatizo anaruhusiwa.

Mimi mzima. Theluji imefunga njia, ndiyo maana barua imechelewa, si ugonjwa. Nimejifunza kutogeuka. Mlango ukibamizwa sigeuki. Mbwa akibweka sigeuki. Wiki iliyopita askari wa doria aliangusha debe tupu nyuma yangu makusudi, nikaendelea kufunga gunia. Bwana Lefteris akamwambia, "Unaharibu debe langu bure, huyo hata Siku ya Kiyama itabidi aguswe bega."

Kuna jambo sikulitegemea. Watu husema kila kitu mbele yangu. Wakulima wanaokuja kusaga huzungumza kana kwamba mimi ni kipande cha mashine. Mmoja alisema Wayahudi wa Thesalonike wameondolewa wote na maduka yao yamegawiwa watu, bora. Mwingine akamjibu, "Bora nini, mpumbavu wewe? Na watoto?" Kisha wakarudi kwenye mahindi. Nilikuwa na gunia begani. Niliona aibu, na hadi sasa sijui ilikuwa aibu ya nani.

Mke wa mwenye kinu, Bi Stamata, ndiye tatizo kubwa. Ni mama wa makamo, mkavu, hacheki na mtu. Alasiri mumewe akilala, huja na kusokota sufu yake karibu nami na kuongea. Hanitazami. Anasema mambo ya moyo wake, ya ujana wake, ya mtu fulani kabla ya Lefteris. Sitakuandikia zaidi. Maisha yangu yote nimelipwa kusikiliza watu, na sijawahi kuficha habari, lakini hii nimeiba. Kila siku nataka kusimama nimwambie, "Bibi, acha, nasikia." Kila siku nafunga gunia lingine.

Sasa habari njema, kutoka kwa Padri mwenyewe. Njia zikifunguka, shemeji yake atateremsha mkaa Athene na mimi nitakuwa mpakizi. Anasema baba wa ubatizo hana budi kumtembelea mtoto siku ya jina lake. Inaonekana Wakristo hawa hawajali sana siku ya kuzaliwa, wanachosherehekea ni siku ya mtakatifu wa jina, na nyumba huwa wazi kwa kila mgeni. Sikumuuliza ya Eleni ni lini, maana alisema kama jambo ambalo kila mtu analijua, nikaona haya. Muulize Bi Efterpi. Nitaletwa, utawaambia ni baba yako wa ubatizo, bubu, nitakaa kwenye kiti nikutazame. Kuongea hatutaongea. Yatosha.

Baba wa Ubatizo


Athene, Alhamisi 30 Machi 1944

Baba wa ubatizo,

Shikamoo. Mzima wewe? Sisi wazima, na hilo silisemi kwa mazoea leo.

Naandika kama ulivyonifundisha, nani alisema na aliona nini. Mteja wa Bi Efterpi anayeishi karibu na sinagogi aliona kwa macho yake. Ijumaa iliyopita Wajerumani walitangaza kwamba kuna unga unagawiwa wa kuokea mkate wa Pasaka yetu, usiotiwa chachu. Watu waliokuwa wamejificha walitoka. Walipoingia, milango ilifungwa nyuma yao. Kisha magari yakaenda nyumbani kwao kuchukua wake na watoto. Mteja alisimulia akiwa amesimama juu ya kigoda na pini kiunoni, mikono juu, asiweze kushuka. Bi Efterpi alimwambia, "Usitikisike, nitakuchoma," na mwenye kutikisika alikuwa yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimesikia habari ya unga siku moja kabla. Nilitaka kwenda. Si kwa dini, kwa harufu tu ya nyumba ya bibi wakati ule wa mwaka. Bi Efterpi alinificha viatu.

Usije sasa. Njoo mambo yakitulia, hata siku hiyo ya jina. Nitamuuliza.

Mtoto wako wa ubatizo,
Eleni


Milimani, Ijumaa 26 Mei 1944

Mpendwa Eleni,

Salamu. Nimerudi salama jana, na mkokoteni umerudi salama. Natumaini nawe ni mzima. Naandika yaliyotokea Jumapili tarehe 21, kwa mpangilio, kwa sababu nisipoyaandika nitayawaza vibaya.

Tulifika uani kwenu baada ya kanisa kutoka. Nilibeba gunia la mkaa mgongoni na mkononi jibini lililofungwa kwa majani, zawadi yako. Lango lilikuwa wazi. Nilisimama pale kwa sababu kulikuwa na watu. Bi Hariklia nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, na kijana mwenye buti kwenye ngazi hakuhitaji kutambulishwa. Walikuwepo wanawake wengine wawili, wamevaa nguo za kutokea.

Wewe ulitoka na ufagio.

Bi Hariklia alisema, "Heri, Eleni! Uishi miaka mingi!"

Ukasema, "Kwani leo kuna nini?"

Hapo ndipo mimi na wewe tulipojua kwa pamoja kwamba ilikuwa siku ya jina lako. Padri alikuwa ameipanga safari iangukie hapo na akaona hakuna haja ya kunieleza. Hukuwa umepika chochote. Hapakuwa na hata kijiko cha tunda lililopikwa kwa sukari cha kumpa mgeni, wala glasi ya maji mezani. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

Bi Hariklia: "Bi Efterpi hakukwambia?"

Wewe: "Yuko Pireo kwa dada yake mgonjwa. Aliniambia Jumapili kuna wageni, nifagie. Nilidhani ni wateja wa kupimwa."

Bi Hariklia: "Eleni gani huyu asiyeijua siku ya Mtakatifu Eleni? Mimi hata nikiwa mahututi nitaijua yangu."

Sotiris, bila kuinuka: "Labda ni Eleni wa mwaka huu. Kaskazini nasikia wamezaliwa akina Eleni wengi sana hivi karibuni, wote wakubwa."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alitazama chini. Sotiris alianza kufunga kamba ya buti, polepole, kama mtu anayejiandaa kwenda mahali.

Wewe uliweka ufagio ukutani. Ulivua kitambaa shingoni ukakifunga kichwani, fundo mbele, kama wanavyofunga wazee wetu wa kike. Ukaweka mkono kiunoni. Ukasema, kwa sauti ya watu wetu wote wanaouza vitambaa kule nyumbani: "Bibiii, kuja ona! Kitambaa mzuriii! Mimi tapa wewe bei ya dadaaa!"

Waliangua kicheko. Bi Hariklia alishika mlango. "Ee Mama wa Mungu, ndio wenyewe! Rudia, mwanangu, rudia!" Ukarudia. Ukaongeza mume anayebishana bei, na mume yule nilimfahamu, ni mimi, hata kukuna sikio ukaweka. Sotiris alifuta machozi, akasema maneno haya hasa: "Mwacheni huyu. Mmoja wao hawezi kujicheka namna hii."

Kisha ukaniona langoni. Ulikatika katikati ya neno. Ukavuta pumzi, ukalimalizia.

Bi Hariklia: "Na yule?"

Wewe: "Wa mkaa. Hasikii. Mwacheni."

Ulikuja ukanipa nusu ya mkate wako, kwa mkono ulionyooka, kama anavyopewa mtu ambaye hutaki akukaribie. Niliinama kama bubu wanavyoinama. Niliweka gunia nikatoka. Jibini tulilila mimi na shemeji wa Padri njiani, maana mtu wa mkaa haleti jibini.

Nimeyatenganisha mambo mawili kwa sababu ni mawili. La kwanza, la kuigiza, lilikuokoa. Lisemwe wazi na mtu aliyeshuhudia, lilikuwa jambo la akili na la haraka, na nisingeweza kulibuni mimi. La pili ni lile neno "wa mkaa". Wakati huo hatari ilikuwa imekwisha pita, na tulikuwa tumepatana utasema baba wa ubatizo. La pili silielewi, na mtu wa habari akiwa haelewi huuliza. Nauliza.

Sahihisho moja. Hatuvuti mwisho wa neno. Tunavuta katikati. Si "mzuriii", ni "mzuuuri". Wao hawakujua tofauti. Mimi nilijua.

Baba wa Ubatizo


Milimani, Jumatano 19 Julai 1944

Mpendwa Eleni,

Hujambo? Mimi sijambo. Bi Lambrini anasema ulipokea mayai na kifurushi, ukauliza kama niko mzima, ukasema hujapata karatasi. Karatasi naiambatanisha, upande mmoja una hesabu za mahindi, mwingine ni mweupe.

Huna haja ya kujibu lile swali. Jibu haya tu: unakula, kifua, Bi Efterpi.

Baba wa Ubatizo


Milimani, Jumanne 17 Oktoba 1944

Mpendwa Eleni,

Wajerumani wametoka Athene Alhamisi iliyopita. Habari imeletwa na Bi Lambrini, aliyeiona bendera ya Wagiriki mwenyewe, na Padri amepiga kengele mpaka kamba imekatika. Bi Lambrini anasema yuko aliyekuona barabarani ukiwa mzima. Nimeshukuru. Barua hakuwa nayo.

Mimi mzima. Nina jambo la kukueleza, la kuchekesha kidogo, na nilikuwa mimi wa kuchekwa.

Jumamosi Bi Stamata alikuja na sufu yake kama kawaida. Akasema, "Mjerumani kaondoka, Stathis. Sasa unaweza kuacha huo ujinga." Niliendelea na gunia. Akasema, "Nakwambia wewe. Baba yangu alikufa kiziwi. Jiwe la kinu likibadili mwendo, wa kwanza kugeuka alikuwa yeye, alilisikia kwa nyayo. Wewe nyumba ikianguka hugeuki. Kiziwi gani huyo asiye na miguu?"

Nilikuwa bubu hodari kupita kiasi, na ndicho kilichoniumbua. Kumbe alijua tangu wiki ya pili.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Ni maneno yangu ya kwanza kwa sauti mbele ya mtu asiye Padri tangu Novemba. Yalitoka yamekwaruza, na lafudhi yote ilikuwapo, haijapungua hata kidogo.

Alicheka, mara ya kwanza nimemwona. "Nilidhani una sauti nzito," akasema. Kisha: "Ningemwambia nani? Lefteris? Nilitaka mtu anayesikia na asiyejibu. Mume wangu hujibu."

Nikamwambia nimeona aibu mwaka mzima kwa kusikia mambo yake. Akasema, "Vizuri. Aibu ndiyo iliyokufanya usikilize kwa adabu." Akaendelea kusokota.

Sasa kuhusu mimi kuteremka. Shemeji wa Padri ana safari mbili, moja wiki ijayo na nyingine mwanzoni mwa Novemba. Nimewaza hivi. Uani kwenu wananijua kama mtu wa mkaa. Wewe una jina zuri pale, una kazi, una marafiki. Nitaingia kama nilivyoingia, na gunia. Barabarani utatangulia, mimi nitafuata nyuma, sitasema neno hadi tuwe chumbani na mlango umefungwa. Nimeshazoea, haitanigharimu. Baadaye tutaona kama tunarudi Thesalonike kumtafuta bibi yako. Hayo yote yanasubiri.

Niandikie tu ni safari ipi. Tarehe itatosha, usiandike mengine.

Baba wa Ubatizo


Athene, Jumanne 24 Oktoba 1944

Baba,

Shikamoo. Nakula. Kifua hakina neno. Bi Efterpi ni mzima, anakusalimu, na anasema anajuta kusema "wageni" badala ya kusema Mtakatifu Eleni, lakini alidhani hata ukuta unaijua siku ile, nami sikumuuliza kama nilivyoahidi.

Karatasi ilikuwepo. Ilikuwepo tangu Mei.

Sitakuandikia tarehe peke yake. Umeuliza swali.

Nilipokuwa naigiza nilikuwa naogopa. Hilo umelisema kwa haki kuliko ninavyostahili. Lakini igizo lile sikulibuni siku ile. Nilikuwa nalifanya shuleni, kwenye uzio, kwa wasichana waliokuja kunywa chai kwetu na kukuamkia "hujambo, bwana Beraha" kwa adabu. Walikuwa wakiniambia, "Mfanye babako!" Ndiyo maana lilitoka bila makosa, isipokuwa lile la kuvuta. Viatu havikuwa vinabana, Baba. Havijawahi kubana.

Na nilipokuona langoni, hofu ilikuwa imekwisha. Sotiris alikuwa anajifuta machozi. Ningesema "baba wa ubatizo" na wangekuletea kiti. Nililifungulia neno hilo mdomo. Kisha nikaona mkaa usoni mwako, na kamba uliyofungia suruali, na jinsi ulivyokuwa unatabasamu kidogo upande mmoja kama wale wasiosikia, na nikaona wataniangalia mimi kisha wakuangalie wewe. Nikasema wa mkaa. Nilikuonea aibu. Si Myahudi, si lafudhi, hukuwa umesema hata neno. Wewe. Ndilo jibu la la pili. Nimeliandika mara nyingi na kila mara nikaweka ndani yake Mjerumani mmoja ili lipendeze, nikachana.

Nilidhani ukikaa kimya nami nikikaa kimya litaoza lenyewe. Kisha umeniandikia kwamba utafuata nyuma na mlango utafungwa kwanza. Nimesoma hapo, nikainuka, nikatoka uani nikiwa na uzi mdomoni.

Bi Hariklia na wenzake walikuwa wanachambua mboga. Nikawaambia, "Yule wa mkaa aliyekuja siku ya jina langu ni baba yangu. Si kiziwi. Na mimi si Eleni, ni Joya, wa Thesalonike."

Bi Hariklia aliendelea na mboga zake. Kaka yake yuko kizuizini tangu wiki iliyopita, kwa hiyo macho yamevimba. Hatimaye alisema, "Kumbe ndiyo maana uliwapatia vile."

Nikasema ndiyo.

"Na yeye alisimama pale anasikia?"

Nikasema ndiyo.

"Na sisi tunacheka." Akatupa jani bovu. "Basi ulitufanya wajinga sisi sote, wewe binti."

Hatukusuluhishana wala hatukugombana. Baadaye aliazima sufuria. Jana mmoja wa wale wanawake wengine alipita akatazama pembeni, na mwenzake alileta zabibu. Basi ndivyo ilivyo, sitakuambia uani kumekuwa peponi.

Usije na gunia. Usije kwa safari ya kwanza vilevile, Bi Efterpi anakushonea koti kutoka koti la marehemu mumewe na mkono wa pili bado, na mkono huo naushona mimi, kwa macho mawili. Njoo safari ya pili. Mikokoteni inasimama uwanjani mbele ya mkahawa, saa za watu kuwa wengi. Teremka ukiongea. Ulizia bei ya kitu chochote, bishana, jikune sikio. Nitakuwa nimesimama upande ule ule wa barabara, na tutatembea sambamba hadi nyumbani, na Bi Hariklia akiwa mlangoni utamwamkia kwa sauti yako.

Nitakuita Baba kabla hujaniona. Nimefanya mazoezi chumbani, Bi Efterpi amesikia akadhani naumwa jino. Sitavuta mwisho. Nitavuta katikati.

Jumatano tarehe 1 Novemba, saa nne asubuhi.

Binti yako,
Joya